Kutembelea makasri ya wafalme jijini Seoul: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaopanga safari ya Korea Kusini, na hata na waliokwisha fika Seoul wakabaki wamesimama nje ya lango wakijiuliza waingie wapi. Bei zimetajwa kwa won, sarafu ya huko, na saa ni za Kiswahili: saa 3 asubuhi hapa ndiyo 09:00 kwenye vibao vyao. Viingilio na ratiba hubadilika, kwa hiyo zikague tena wiki ya safari.

## Kabla ya yote

Makasri ni mangapi, na yalikuwa ya nani?

Yako matano katika Seoul ya zamani: Gyeongbokgung, Changdeokgung, Changgyeonggung, Deoksugung na Gyeonghuigung. Yote yalikuwa ya ukoo wa Yi, uliotawala ufalme wa Joseon tangu 1392. Mwaka 1897 mfalme Gojong alijitangaza kaisari na nchi ikaitwa Dola ya Korea, lakini haikudumu: mwaka 1910 Japani iliimeza nchi nzima, na ufalme ukaishia hapo. Leo Korea Kusini ni jamhuri. Hakuna mfalme anayeishi ndani, wala chumba kilichofungwa kwa sababu wenyewe wamelala.

Ukisoma ramani, jina linaloishia na "gung" ni kasri, "mun" ni lango, na "jeon" ni ukumbi mkubwa. Ukiyashika hayo matatu, nusu ya vibao utavielewa.

Kwa nini ufalme mmoja uwe na makasri matano?

Hayakujengwa kwa mpango mmoja. Gyeongbokgung lilisimamishwa 1395, miaka mitatu baada ya Yi Seong-gye kutwaa ufalme, liwe makao makuu. Mwaka 1398 mwanawe Yi Bang-won aliwaua ndugu zake wa kambo pamoja na waziri Jeong Do-jeon, yule yule aliyelipa kasri jina lake. Bang-won alipokalia kiti cha enzi akajijengea kasri jingine upande wa mashariki, Changdeokgung, likakamilika 1405. Kulala pale alipomwaga damu ya nduguze hakukumpendeza, na si ajabu.

Changgyeonggung lilijengwa 1483 na mfalme Seongjong kwa ajili ya wajane wa wafalme waliomtangulia. Deoksugung lilikuwa nyumba ya kaka yake Seongjong. Lilipandishwa daraja baada ya Wajapani kuivamia nchi mwaka 1592, mfalme aliporudi mjini akakuta makasri yote yameungua na hana pa kulala. Gyeonghuigung lilifuata mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa hiyo kila kasri lina sababu yake, na mara nyingi sababu yenyewe ni moto au ugomvi wa kifamilia.

Nina siku moja tu. Niende lipi?

Changdeokgung, pamoja na bustani yake ya nyuma iitwayo Huwon.

Jibu hili huwashangaza wengi kwa sababu picha zote mtandaoni ni za Gyeongbokgung. Gyeongbokgung ni kubwa, lina uwanja mpana na mlima Bugaksan nyuma yake, na anayetaka fahari ataipata. Lakini Changdeokgung ndilo wafalme waliloishi kwa muda mrefu zaidi: baada ya 1592 lilikuwa makao makuu kwa takriban miaka 270. Majengo yake hayakupangwa kwa mstari ulionyooka. Yalifuata mabonde na miinuko, unapinda kona moja kilima kinajitokeza, unapinda nyingine unakuta ua mdogo ambao hukuutarajia. UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na ndilo pekee kati ya hayo matano lililomo.

Ukibakiwa na nguvu mchana, Gyeongbokgung liko mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Ila angalia siku ya wiki kwanza. Tazama swali la siku za kufungwa hapa chini, maana hapo ndipo safari nyingi huharibikia.

Nimesikia Gyeongbokgung ni jipya, si la kale kweli. Ni uongo au kweli?

Vyote viwili. Kasri la 1395 liliteketea 1592 Wajapani walipoivamia nchi, na likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 270. Mwaka 1865 baba yake mfalme Gojong, aliyejulikana kama Heungseon Daewongun, alianza kulijenga upya, na kufikia 1867 mamia ya majengo yalikuwa yamesimama. Gharama zake ziliwakamua wananchi kwa kodi.

Kisha ukaja utawala wa Japani. Majengo mengi yalibomolewa, mengine yakauzwa mbao na vigae. Mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi Wajapani walisimamisha makao makuu ya serikali yao ya kikoloni, jengo kubwa la mawe lililokamilika 1926, likaziba kasri lisionekane kutoka barabarani. Lango kuu, Gwanghwamun, waling'oa wakalihamisha pembeni. Baadaye likaharibiwa katika Vita vya Korea. Mwaka 1968 lilijengwa tena kwa zege, na 2010 likarudishwa kwa mbao mahali pake pa asili. Jengo la wakoloni lilianza kubomolewa 1995, mwaka wa 50 tangu uhuru.

Ukarabati mkubwa ulianza 1990 na bado unaendelea. Oktoba 2023 lilifunguliwa upya jukwaa la mawe lililo mbele ya Gwanghwamun, pamoja na kibao kipya cha jina chenye herufi za dhahabu juu ya weusi. Kwa hiyo ukisimama uani, ukumbi wa Geunjeongjeon na banda la Gyeonghoeru ni vya 1867, malango mengi ni ya juzi, na nyasi tupu unazoziona huko nyuma zilikuwa vyumba. Anayetafuta ukumbi wa enzi mkongwe zaidi aende Changgyeonggung: ukumbi wake mkuu, Myeongjeongjeon, ni wa 1616.

Kuna makasri nje ya Seoul?

Yapo. Suwon, kusini kidogo ya Seoul, kuna kasri la safari la mfalme Jeongjo ndani ya ngome ya Hwaseong iliyokamilika 1796. Unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa Silla, ufalme wa zamani kuliko Joseon, na huko kuna bwawa la Wolji na mabanda ya kasri yaliyojengwa upya kando yake. Usiku yakiwashwa taa ni mazuri mno.

## Tiketi, saa na siku za kufungwa

Kiingilio ni kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Gyeongbokgung won 3,000, Changdeokgung won 3,000, Changgyeonggung na Deoksugung won 1,000 kila moja, Gyeonghuigung bure. Bustani ya Huwon ina tiketi yake ya won 5,000 juu ya ile ya Changdeokgung. Hizo ni bei za mtu mzima. Watoto wa kigeni wa miaka 7 hadi 18 hulipa nusu, na walio chini ya hapo huingia bure. Aliyetimiza miaka 65 naye haulizwi hela, ila abebe pasipoti.

Wakati wa sikukuu kubwa za Seollal (mwaka mpya wa jadi) na Chuseok (sikukuu ya mavuno) makasri yamekuwa yakifunguliwa bure kwa wote. Umati wake nao si wa kawaida. Njia nyingine ya kuingia bure iko kwenye sehemu ya hanbok, vazi la jadi la Kikorea.

Yanafungwa siku gani?

Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Changdeokgung, Changgyeonggung, Deoksugung na Gyeonghuigung hufungwa Jumatatu. Jongmyo, hekalu la mababu wa ukoo wa kifalme, hufungwa Jumanne.

Hii ndiyo sababu mtu hufika asubuhi na kamera yake shingoni akakuta lango limefungwa. Ukiwa Seoul Jumatatu, nenda Gyeongbokgung. Ukiwa Jumanne, nenda Changdeokgung. Siku ya kufungwa ikiangukia sikukuu ya kitaifa, kasri hufunguliwa na mapumziko husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Yanafunguliwa saa ngapi?

Yote huanza saa 3 asubuhi. Gyeongbokgung hufungwa saa 12 jioni majira ya kuchipua na ya vuli, saa 12:30 kati ya Juni na Agosti, na saa 11 jioni kuanzia Novemba hadi Februari. Changdeokgung halipishani nalo sana. Deoksugung na Changgyeonggung hukaa wazi hadi saa 3 usiku mwaka mzima. Kila mahali, mlango wa kuingilia hufungwa saa moja kabla, kwa hiyo kufika dakika za mwisho ni kujisumbua.

Tiketi za Huwon zinaisha haraka. Nifanyeje?

Huwon haiingiwi kiholela. Unaingia na kundi lenye mwongozaji, kwa saa maalumu, na idadi ya watu ina kikomo. Sehemu ya tiketi huuzwa mtandaoni kuanzia siku 6 kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za Korea, ambazo ni saa 10 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Zilizobaki huuzwa dirishani siku yenyewe kwa anayewahi. Wakati majani yanapogeuka rangi, mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, za mtandaoni huisha kwa dakika chache. Hapo fika langoni kabla ya saa 3 asubuhi.

Matembezi huchukua kati ya dakika 70 na 90, na kuna vilima. Utaona bwawa la mraba la Buyongji lenye kisiwa cha duara katikati, na juu yake jengo ambalo mfalme Jeongjo aliweka maktaba ya kifalme, Gyujanggak, mwaka 1776. Lango dogo la kupandia huko, Eosumun, lilikuwa la mfalme. Mawaziri walipita kwenye vilango vya pembeni, vifupi kiasi kwamba mtu mzima hana budi kuinama. Simama hapo ukipime kwa kichwa chako mwenyewe.

Naweza kuingia usiku?

Deoksugung na Changgyeonggung, ndiyo, kwa tiketi ya kawaida. Tazama saa hapo juu. Gyeongbokgung hufunguliwa usiku kwa majuma kadhaa tu, majira ya kuchipua na ya vuli, na wenyeji hugombea tiketi mtandaoni. Wageni wamekuwa wakitengewa tiketi za dirishani kwa kuonyesha pasipoti. Changdeokgung lina matembezi ya mbalamwezi, kundi dogo likiongozwa na taa za mkononi, lakini bei yake ni mara kumi ya kiingilio cha mchana na nafasi ni za kubahatisha.

Kwa maoni yangu, mtu asiyetaka mapambano aende Deoksugung jioni. Taa za majengo ya ofisi zinalizunguka pande zote, na ndani kumetulia.

Nafikaje?

Kwa treni ya chini ya ardhi. Gyeongbokgung: kituo cha jina hilo hilo, laini ya 3, mlango namba 5, unatokea ndani ya uzio wa kasri. Changdeokgung: kituo cha Anguk, laini ya 3, mlango namba 3. Deoksugung: kituo cha City Hall, laini ya 1 au 2, mlango namba 2. Changgyeonggung: Hyehwa, laini ya 4, mlango namba 4, kisha tembea kidogo. Kwa ramani, wenyeji hutumia Naver Map, na wewe pia ipakue. Imezoea vichochoro vya Seoul.

## Kuvaa hanbok

Ni kweli ukivaa hanbok unaingia bure?

Kweli, wageni kwa wenyeji, mchana na usiku. Huhitaji kueleza chochote: unapita langoni umevaa, basi. Kinachosamehewa ni kiingilio cha kasri tu. Tiketi ya Huwon utalipa kama kila mtu.

Nikivaa koti la hanbok juu ya jinzi?

Watakurudisha dirishani. Masharti ni vazi kamili: jeogori, yaani lile koti fupi la juu, pamoja na sketi au suruali ya hanbok. La kisasa la kila siku linakubalika mradi liwe na sehemu zote mbili. Tangu 2019 hawaangalii tena nani amevaa la kike na nani la kiume.

Wakorea hawatachukia mgeni kuvaa vazi lao?

La, wanafurahi, na wazee wengine watakusogelea wakurekebishie fundo kifuani. Maduka ya kukodisha yamejaa karibu na vituo vya Gyeongbokgung na Anguk, na wateja wao wengi ni wageni. Malalamiko utakayosikia kwa wenyeji ni ya aina nyingine: kwamba hanbok za kukodi zimewekwa lesi na waya nyingi hadi zinafanana na gauni la harusi. Ukitaka lililo karibu na asili, waambie dukani unataka la kitamaduni, lisilo na waya wa kutanua sketi. Utapita pia kwa urahisi zaidi milangoni.

Kodi huhesabiwa kwa saa, na bei hupanda kadiri urembo unavyoongezeka. Viatu vyako baki navyo. Uwanja wa Gyeongbokgung una mawe yenye matuta, hautaki visigino.

Navaa hijabu. Itafaa?

Inafaa bila tatizo. Utakutana na dada wengi kutoka Malaysia na Indonesia wamevaa hanbok na mitandio iliyolingana nayo rangi. Sketi inafika chini na mikono ni mirefu. Beba tu fulana ya ndani yenye shingo ya juu, kwa sababu jeogori huacha shingo wazi.

## Ukishaingia ndani

Gyeongbokgung ni kubwa. Nianzie wapi?

Anzia Gwanghwamun, ufuate mstari ulionyooka kwenda kaskazini: Gwanghwamun, kisha Heungnyemun ambapo unaonyesha tiketi, kisha daraja la mawe la Yeongjegyo. Usilivuke kwa haraka. Kando ya mfereji wamelala wanyama wanne wa mawe, wakichungulia maji ili pepo wabaya wasipite. Mmoja wao ametoa ulimi nje. Fundi aliyemchonga alikuwa na lake moyoni, na hakuna aliyemzuia.

Mbele ni uwanja wa Geunjeongjeon, ukumbi wa kiti cha enzi. Safu mbili za mawe mafupi yaliyoandikwa ni alama za vyeo: maofisa wa kiraia walisimama mashariki, wa kijeshi magharibi, kila mmoja kwenye jiwe la daraja lake. Tafuta pete za chuma zilizopigiliwa kwenye sakafu ya mawe na kwenye nguzo. Zilifungiwa kamba za mahema siku za jua kali au mvua. Mawe yenyewe yameachwa na makwaruzo makusudi, yasimulike machoni na yasiteleze.

Magharibi yake kuna Gyeonghoeru, banda la karamu juu ya nguzo 48 za mawe katikati ya bwawa. Kabla yake kuna ukumbi wa Sujeongjeon, ambao watu huupita bila kuutazama. Hapo ndipo palipokuwa na chuo cha wasomi wa mfalme Sejong, aliyebuni herufi za Kikorea mwaka 1443 na kuzitangaza 1446. Herufi hizo ndizo ulizozisoma, au ulizoshindwa kuzisoma, tangu uwanja wa ndege.

Mbona vyumba vitupu? Naruhusiwa kuingia?

Kumbi nyingi zinatazamwa kutoka mlangoni. Ni tupu kwa sababu vyombo viliporwa au kupotea, na pia kwa sababu Wakorea wa zamani walikaa sakafuni na kuwa na samani chache. Ndani ya Geunjeongjeon utaona kiti cha enzi na nyuma yake pazia la picha lenye jua, mwezi na vilele vitano. Picha hiyo ilimfuata mfalme kila alipoketi. Inua macho darini, kuna joka wawili wa dhahabu. Ukitaka vitu vyenyewe, mavazi, mihuri na vyombo vya kifalme, vimo katika Jumba la Makumbusho ya Makasri lililoko pembeni ya Gyeongbokgung, na kuingia ni bure.

Changdeokgung lina kituko chake: ndani ya ukumbi wa enzi wa Injeongjeon zinaning'inia taa za umeme na mapazia ya manjano. Yaliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20 na hayajaondolewa. Vizuri hivyo, kwa maana yanaonyesha miaka ya mwisho ya ufalme ilivyokuwa ya kuchanganyikiwa.

Vile vishimo vyeusi chini ya kuta ni vya nini?

Ni midomo ya tanuri. Sakafu za vyumba vya kulala zimejengwa juu ya mifereji ya mawe. Kuni ziliwashwa nje, moshi wa moto ukapita chini ya sakafu, ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Mfumo huo huitwa ondol, na nyumba za kisasa za Korea bado hupasha sakafu moto, sasa kwa maji ya mabombani.

Dohani hawakuziacha tupu. Nyuma ya Gyotaejeon, makazi ya malkia, zimesimama bustanini kama minara midogo ya matofali yenye pembe sita. Kwenye Jagyeongjeon, nyumba ya mama wa kifalme, dohani imefichwa ndani ya ukuta uliochorwa alama kumi za maisha marefu: jua, msonobari, kobe, korongo, kulungu na nyinginezo. Huko ndiko ningekaa muda mrefu zaidi kuliko uwanjani.

Kwa nini mapaa mengine hayana ule mgongo mweupe juu?

Hayo ni makazi ya mfalme na malkia, Gangnyeongjeon na Gyotaejeon. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mgongo wa paa ni joka, na mfalme mwenyewe ni joka. Joka wawili hawalali nyumba moja. Yote mawili ni ya kujengwa upya. Ya 1867 yaling'olewa kupelekwa Changdeokgung baada ya moto wa 1917.

Malkia aliuawa wapi?

Geoncheonggung, kwenye pembe ya kaskazini ya Gyeongbokgung, nyuma ya bwawa la Hyangwonjeong. Alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895 wauaji wa Kijapani waliingia wakamuua malkia Min, anayeitwa pia Myeongseong, kisha wakachoma mwili wake. Miezi michache baadaye mfalme Gojong alitoroka kasri na kujificha katika ubalozi wa Urusi. Nyumba hiyo hiyo ndiyo ya kwanza Korea kuwashwa taa za umeme, mwaka 1887. Wageni wengi hugeuka kabla ya kufika huko kwa kuchoka miguu.

Mbona Deoksugung lina jengo la Kizungu?

Gojong alipotoka ubalozi wa Urusi mwaka 1897 alihamia Deoksugung, karibu na balozi za nchi za Magharibi, akitumaini zitamkinga dhidi ya Japani. Seokjojeon, lile jengo la nguzo za mawe, lilikusudiwa kuonyesha ulimwengu kwamba Korea ni dola kamili. Lilikamilika 1910, mwaka ule ule nchi ilipomezwa. Nyuma ya uzio, katika jengo la Jungmyeongjeon, ndiko uliposainiwa mwaka 1905 mkataba ulioipokonya Korea mambo yake ya nje.

Na Changgyeonggung, ni kweli liliwahi kuwa bustani ya wanyama?

Ndiyo. Mwaka 1909, chini ya shinikizo la Wajapani, majengo yalibomolewa ili kuweka vizimba na bustani ya mimea, na baadaye hata jina likaondolewa hadhi ya kasri. Lilirudishiwa jina lake 1983, wanyama wakahamishwa. Imebaki nyumba ya vioo ya mimea, ambayo ni nzuri, na ni haki yako kuipenda huku ukijua ilivyokuja. Kuna mlango unaounganisha kasri hili na Changdeokgung. Tiketi ya pili unakata hapo hapo.

Walinzi wa langoni ni askari kweli?

Ni waigizaji. Zamu hubadilishwa Gwanghwamun saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa ngoma na bendera, isipokuwa Jumanne, na hukatwi tiketi. Kupiga nao picha sawa, kuwashika hapana.

## Hali za pekee

Nina mtoto mdogo, au mzee asiyeweza kutembea sana.

Gyeongbokgung ni tambarare, kuna njia za viti vya magurudumu na vinaazimwa langoni. Tatizo ni vizingiti na changarawe. Huwon haifai kwa kigari cha mtoto. Kwa mzee, Deoksugung ndilo dogo na lenye viti vingi kivulini.

Msimu gani ni mzuri?

Aprili na Oktoba. Julai na Agosti ni joto la jasho na mvua za mfululizo. Januari ni baridi chini ya sifuri na upepo mkavu. Anayetoka pwani asijaribu na sweta moja. Lakini theluji ikianguka juu ya vigae, uwanja unakuwa wako peke yako.

Naweza kurusha droni? Kupiga picha za harusi?

Droni hapana kabisa. Katikati ya Seoul ni anga iliyozuiwa. Picha zako binafsi ni ruksa. Kazi ya kibiashara inahitaji kibali cha mapema.

Kuandika jina ukutani kidogo tu?

Desemba 2023 vijana walipuliza rangi kwenye kuta za Gyeongbokgung. Waliofanya na aliyewatuma walikamatwa, na mafundi walifanya kazi katika baridi kali kuziondoa. Kwa hiyo, usiguse.

Baada ya kasri nataka kupiga picha Bukchon na hanbok yangu.

Bukchon ni mtaa wa nyumba za kale, na watu wanaishi humo. Sehemu yenye msongamano zaidi inaruhusu watalii kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni tu. Nje ya muda huo faini ni won 100,000.

Chakula halali na mahali pa kuswali?

Mikahawa ya karibu na makasri hupika sana nyama ya nguruwe, na hata supu isiyo na nyama huweza kuwa na mchuzi wake, kwa hiyo uliza. Mtaa wa Itaewon, laini ya 6, una Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, na vichochoro vinavyouzunguka vina mikahawa ya halali ya Kituruki, ya Kiarabu na ya Kikorea.

Nahitaji viza?

Kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Kongo, ndiyo, na uombe kabla ya kukata tiketi ya ndege. Korea ina balozi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Kinshasa. Kile kibali cha mtandaoni kiitwacho K-ETA ni cha wenye pasipoti zisizohitaji viza. Ukikikuta mtandaoni usikilipie ukidhani umemaliza.

Gyeonghuigung linastahili safari?

Kama umebakiwa na saa moja, ndiyo. Wajapani walilibomoa karibu lote wakajenga shule, na lango lake, Heunghwamun, likahamishwa kuwa mlango wa hekalu la kumkumbuka Ito Hirobumi, mwanasiasa wa Kijapani, kisha likawa lango la hoteli, hadi liliporudishwa 1988. Unachokiona ni majengo machache yaliyojengwa upya. Foleni hakuna, tiketi hakuna, na nyuma ya ukumbi mkuu kuna mwamba mkubwa wenye chemchemi unaoitwa Seoam, ambao hakuna aliyeweza kuuhamisha.